Rubani Tone na Geti Namba Tatu

Ndugu, jamaa, majirani na marubani wote mliofika, familia imemtuma mdogo wake marehemu, yule anayemfuata kwa kuzaliwa, awasomee maisha ya kaka yake kama yalivyokumbukwa na mjane, watoto na ndugu waliokaa juzi na jana kwenye meza ya chakula wakibishana juu ya tarehe. Yamo humu mengi ambayo baadhi yenu mnayajua kutuzidi, na limo moja ambalo hamlijui kabisa, nalo marehemu mwenyewe aliagiza lisomwe, kwa hiyo tunawaomba mtuvumilie mpaka mwisho.

Marehemu alizaliwa alfajiri ya tarehe 4 Agosti 1949, katika chumba cha nyuma cha nyumba za mafundi wa reli, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto sita wa baba fundi wa boila na mama mshonaji wa nguo, na mama yetu alishikilia mpaka anafariki kwamba mtoto huyo alizaliwa macho makavu, ametulia anatazama dari, habari ambayo shangazi yetu aliyekuwepo siku hiyo aliikanusha kila iliposimuliwa, akisema mtoto alilia kama watoto wa watu, na tena dari lenyewe halikuwepo, yalikuwepo mabati matupu.

Alianza shule ya msingi mwezi Januari 1957, katika shule iliyokuwa upande wa pili wa reli, akamaliza darasa la nane mwaka 1964, akaendelea na sekondari mpaka 1968, kisha akaingia chuo cha ufundi alikosomea mitambo ya maji na kupata cheti chake tarehe 10 Desemba 1971, na katika miaka yote hiyo alikosa mtihani mmoja tu, wa hesabu, darasa la tano, kwa sababu asubuhi ile ndege ya kunyunyizia dawa ilikuwa inazunguka juu ya shamba la pamba na yeye alisimama njiani, mkoba begani, mpaka ndege ikaishiwa dawa na kuondoka. Alichapwa viboko sita shuleni, na baba alipomuuliza jioni ni kitu gani hasa alichokuwa anakitazama saa mbili nzima, alijibu, "Ilikuwa inageuka," na baba yetu, ambaye hakuwa mtu wa huruma za haraka, alirudisha mkanda wake kiunoni, na hakuuliza tena.

Tarehe 3 Februari 1972 aliajiriwa na idara ya maji kama fundi wa pampu, akaifanya kazi hiyo miaka thelathini na miwili mpaka alipostaafu mwaka 2004, na wenzake wa karakana walioketi hapa wanaikumbuka meza yake iliyokuwa chini ya dirisha, spana zimepangwa kwa ukubwa, kitambaa cha kufutia mikono kimekunjwa mara nne, na ole wake aliyeazima spana akairudisha mahali pasipo pake. Ni pampu iliyompeleka angani, kwani mwaka 1981 rubani wa ndege za kunyunyizia dawa alileta pampu yake iliyoshindikana kwa mafundi watatu, kaka akaitengeneza kwa siku mbili, na alipoulizwa anataka nini alisema anataka kufundishwa, basi kuanzia hapo pampu zikawa zinatengenezwa Ijumaa na masomo yanatolewa Jumamosi, mpaka tarehe 17 Novemba 1983 alipokabidhiwa leseni ya urubani binafsi, akiwa na umri wa miaka thelathini na minne.

Jina la Tone alilipata kiwanjani, kwa sababu kabla ya kila safari, hata ya dakika kumi, alikuwa anachuja mafuta kidogo kutoka chini ya kila bawa, akayatia ndani ya kichupa cha kioo, akakiinua juani na kukitazama kwa jicho moja kutafuta tone la maji, maana maji yakiingia kwenye injini angani hakuna wa kumwita. Waliokuwa na haraka walimcheka, wakisema Tone atachelewa kwenye mazishi yake mwenyewe, naye aliwajibu kwamba huko anakubali kuchelewa.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 14 Juni 1975 na mkunga wa zahanati moja ya nje ya mji, ambako alikuwa amekwenda kutengeneza pampu ya kisima mara nne katika mwezi mmoja, na mjane ametuomba tuliseme hili ili liwekwe sawa, kwamba pampu ile ilikuwa nzima tangu safari ya kwanza, na baada ya posa haikuharibika tena kwa miaka saba. Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza ni mwalimu, wa pili ni seremala, na wa tatu, binti, ni rubani, na wajukuu watano, na mama mkunga huyu aliyezalisha nusu ya mji aligoma kupanda ndege ya mumewe kwa miaka miwili kamili, mpaka siku alipohitajika kwa mgonjwa wa mbali, akapanda amefumba macho, na tangu hapo hakuna aliyeweza kumshusha.

Mwaka 1990, yeye na rafiki zake wawili, mwenye duka la vipuri na daktari wa meno, walinunua ndege kuukuu ya viti vinne iliyokuja imefunguliwa vipandevipande, wakaiunganisha kwa miezi kumi na minne katika banda la mwisho la kiwanja chetu kidogo, karibu na geti namba tatu, na wale tuliokuwepo Jumamosi zile hatutazisahau, watoto wakifuta mabawa kwa matambara, chupa za chai zimewekwa juu ya pipa, wake za marubani wakiwacheka waume zao waziwazi, daktari wa meno akiimba nyimbo asizozijua maneno, na geti namba tatu limeegemezwa jiwe lisijifunge, maana mlinzi alikuwa anamjua kila mtu, mke wake, watoto wake na muungurumo wa injini yake. Kulikuwa na ndege tisa kiwanjani wakati ule, na nyingi zilikuwa zinasaidia zahanati za mbali kupeleka chanjo na kuleta wagonjwa, bila kushurutishwa na mtu, na hatukujua kwamba tulikuwa kwenye raha, kwa kuwa mwenye raha hajijui.

Tarehe 1 Julai 2012 zilianza kutumika kanuni mpya za usalama wa viwanja vya ndege, zilizotungwa, kwa maoni ya marehemu, na watu waliokuwa wanawaza viwanja vikubwa vya abiria maelfu, kisha zikashushwa kwetu bila kupunguzwa hata pindo, zikimtaka kila rubani binafsi awe na kitambulisho cha kila kiwanja anachotua, kila kimoja na alama zake za vidole na darasa lake la siku tatu, na kila kimoja kikiisha baada ya mwaka, asitembee hata kwenda kwenye ndege yake mwenyewe bila msindikizaji, akitua akae ndani, milango imefungwa, mpaka msindikizaji afike, na asipite getini na kifaa chenye ncha wala chupa yenye kimiminika. Kiwanja chetu kilipewa msindikizaji mmoja, kijana mstaarabu aliyekuwa pia mlinda geti, mwandika daftari na mshika funguo, aliyekuja kwa baiskeli, na baiskeli ikipata pancha basi kiwanja kizima kimepata pancha.

Marehemu hakuwa adui wa usalama, na tunalisema hili kwa sababu walikuwepo waliompaka tope hilo, yeye alisema sikuzote kwamba ukaguzi ni halali na mwenye nia njema haogopi kukaguliwa, ila alikataa ukaguzi usiokagua, kama siku ile alipovuliwa bisibisi na kichupa chake getini, kisha akasindikizwa kwa heshima zote mpaka kwenye ndege yenye sanduku zima la spana, akamwambia yule kijana, "Mwanangu, umeninyang'anya bisibisi ukanikabidhi ndege," na kijana alicheka mpaka akashika uzio, halafu akamwandikia onyo, kwa kuwa ndivyo alivyoagizwa. Hilo lilikuwa onyo lake la kwanza, la pili alilipata kwa kurudi peke yake kuchukua koti alilolisahau kwenye kiti cha ndege, na aliambiwa kwa maandishi kwamba la tatu litakwenda na leseni yake.

Tarehe 12 Septemba 2013, mchana, yeye na mkewe walimchukua mama mjamzito aliyekuwa taabani kutoka zahanati ya mbali, wakatua saa tisa na dakika arobaini katika kiwanja cha mji wenye hospitali kubwa, kiwanja ambacho kitambulisho chake kilikuwa kimeisha siku tisa kabla, na darasa la kukihuisha lilikuwa mwezi uliofuata, na gari la wagonjwa lilikuwa linaonekana nje ya geti, mita mia mbili, dereva ameshikilia mlango wa nyuma wazi, lakini wasindikizaji walikuwa wanapokezana zamu na geti lilikuwa limefungwa. Alikaa ndani ya ndege na redio mkononi akiomba ruhusa, akajibiwa asubiri, akaomba tena, akajibiwa asubiri, na mkewe alimwambia, "Baba watoto, ngoja ngoja huumiza matumbo, na hili halingoji mtu," naye akazidi kusubiri, kwa sababu ya yale maonyo mawili, na saa kumi na dakika ishirini mtoto wa kiume alizaliwa kwenye viti vya nyuma, akapokelewa na mama mkunga na kuvikwa koti la urubani, ndipo kaka alipopiga teke mlango na kumpungia dereva aruke uzio, na dereva akaruka. Mama yule alipoteza damu nyingi, alikaa hospitalini siku kumi na tisa, alipona, na leo yuko nasi hapa pamoja na mwanawe, na marehemu mpaka mwisho hakujisamehe zile dakika arobaini, alisema alivunja kanuni akiwa amechelewa.

Msindikizaji alipofika saa kumi na nusu aliikuta orodha inasema watu watatu na ndege ina watu wanne, na kwa kuwa fomu ilidai maelezo, askari wa zamu alijaza hivi, nasi tunayo nakala, "Abiria wa nne, jina hana, kitambulisho hana, mzigo hana, ameingia eneo la ulinzi bila kupitia geti lolote," na kwa fomu hiyo marehemu alisimamishwa siku tisini kwa makosa mawili, kuzidisha abiria na kufungua mlango.

Barua yake ya kwanza kwa mamlaka ya viwanja vya ndege aliiandika tarehe 16 Septemba 2013, kwa mkono, kwenye meza ileile ya chakula, na kwa jumla aliandika barua thelathini na tatu, akajibiwa tatu, mbili kati ya hizo zikimjulisha kwamba barua yake imepokelewa. Aliomba mambo manne, kitambulisho kimoja kwa viwanja vyote, rubani aliyekwisha kukaguliwa atembee mwenyewe mpaka kwenye ndege yake, vifaa vya kazi viruhusiwe, na mgonjwa afunguliwe geti kwanza kisha maswali yafuate, na hapo kiwanjani ndege zilikuwa zimebaki nne, wengine wameuza, wengine wameziacha zioze, na wapo marubani waliomshauri kwamba serikali haishindwi, funika kombe mwanaharamu apite, naye aliwaambia kombe hilo limefunikwa juu ya watu. Siku zake tisini zilipokwisha alirudi angani, lakini mwezi Februari 2014 aliacha kurusha ndege kabisa, na katika mkutano wa chama cha marubani wa tarehe 1 Machi 2014 katibu alisimama akatangaza kwamba Tone amesusa mpaka geti lifunguliwe, ukumbi mzima ukampigia makofi, na kuanzia hapo waliokuwa wamekata tamaa walirudi kuweka saini kwenye ombi lake, wakisema kama mzee ameweza kuacha kitu anachokipenda hivyo, sisi ni nani. Safari za zahanati hazikukatika, binti yake alizibeba.

Tarehe 9 Oktoba 2014 alisimama mbele ya kamati ya mamlaka hiyo, yenye watu watano, katika chumba chenye meza ndefu na feni inayolalamika, amevaa shati alilolipiga pasi mwenyewe, akawasomea ile fomu ya abiria wa nne, wakacheka, kisha akawasomea idadi ya chupa za damu alizoongezewa yule mama, wakaacha kucheka, na mkuu wa usalama, ambaye kwa kweli alikuwa mtu wa haki na leo ametuma salamu, alimuuliza kama anataka wamwamini kila mtu, naye akajibu, "Mwaminini yule mliyekwisha kumkagua." Uamuzi ulitoka tarehe 16 Januari 2015, matatu kati ya manne aliyoomba yalikubaliwa yote, la kitambulisho kimoja likakubaliwa kwa sharti la kuhuishwa kila mwaka, naye akasema sharti hilo si baya, kucha nazo hukatwa kila wiki na hakuna anayelalamika. Tarehe 2 Machi 2015 alipewa kitambulisho kipya, namba moja, akapita geti namba tatu peke yake huku nyote mkimtazama, akaizunguka ndege, akachuja mafuta, akainua kichupa juani, halafu, mlipokuwa mnamngoja apande, alimpa binti yake funguo, akasema leo ni zamu ya vijana, nanyi mkasema Tone ni muungwana.

Sasa tunafika kwenye ugonjwa, na hili ndilo jambo aliloagiza. Tarehe 18 Februari 2014 marehemu alikwenda kwa daktari wa marubani kuhuisha cheti cha afya kama ilivyo kawaida, na daktari akamsikiliza moyo mara ya kwanza, mara ya pili, akampeleka kwenye mashine, kisha akamwambia kwamba mapigo yake yanarukaruka na kwamba hawezi kurusha ndege tena, si mwaka ule wala mwaka mwingine wowote, na kaka alirudi nyumbani, akaketi kwenye kigoda cha jikoni, akamwambia mkewe, na mkewe anasema alilia kama mtoto, akiuliza angefanya nini na Jumamosi. Alikusudia kuwaambia wenzake katika mkutano ule wa tarehe 1 Machi, alikuwa ameyaandika maneno yenyewe kwenye karatasi, lakini katibu alimtangulia kusema kwamba amesusa, makofi yakapigwa, watu wakaanza kuinuka kwenda kuweka saini, na yeye akakaa chini na karatasi yake mfukoni, akihofia kwamba wakijua watavunjika moyo, na kwamba kamati ikijua itasema huyu hana cheti, geti linamhusu nini. Basi hakususa, ndugu zangu, alikuwa amekatazwa, na jioni ile alimwambia mkewe, "Wamenipigia makofi kwa sababu ya moyo mbovu," na tangu hapo aibu ile aliibeba kila mkutano, mtu ambaye hakuwahi kurudisha spana mahali pasipo pake.

Hali yake ilibadilika tarehe 8 Juni 2015, akalazwa hospitali kubwa, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani, na tarehe 20 akamwagiza mkewe kwa maneno haya, "Nikiondoka waambie, sitaki kuzikwa na sifa isiyo yangu," na asubuhi ya tarehe 27 Juni 2015, saa nne na robo, mkewe akiwa amemshika mkono, alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ile, ambao walimvumilia alipotaka kuitengeneza pampu ya bafu lao, daktari wa marubani aliyemwambia ukweli na kuitunza siri yake, majirani waliopika, waliokesha na waliotuazima viti, wafanyakazi wenzake wa idara ya maji, chama cha marubani, na yule kijana msindikizaji aliyekuja hospitalini kila Jumapili kwa baiskeli.

Na nyinyi marubani, mmeisikia kweli aliyotaka muisikie, nasi tumeitimiza kauli ya marehemu, ingawa sisi ndugu zake tulipinga, tukaona afadhali abaki na makofi yake, lakini mjane alikata maneno, akasema yasomwe kama alivyosema, kisha akaleta faili la barua, akalifungua mbele yetu na kuzihesabu kwa tarehe, akatuomba tuongeze na lake. Barua kumi na mbili kaka aliziandika akiwa rubani, akiomba njia ya kwenda kwenye ndege yake, na ishirini na moja aliziandika baada ya tarehe 18 Februari 2014, akiomba njia hiyohiyo, kwa mwandiko uleule, akijua kwamba watakaoipita ni nyinyi, na kama makofi ya siku ile hayakuwa yake, mjane anauliza ni ya nani. Kaka, umelisema, limesikika, sasa pumzika, pumzika kwa amani.